Reli ya farasi, reli ya injini, lori au mpagazi: uchague kipi kulisha jeshi vitani?

Kila mwaka nikifika kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huwapa wanafunzi wangu swali moja, nao huligombania mpaka kengele inalia. Bandari imejaa chakula na makombora. Askari wako kilomita 20 mbele na akiba yao inaisha kesho kutwa. Barabara imegeuka tope. Mtawafikishia kwa njia gani? Wengi hupigia kura lori. Wengine husema garimoshi. Mwenye babu aliyewahi kumsimulia asili ya jina Kariakoo hutaja wapagazi. Reli inayovutwa na farasi haitajwi na mtu, na nikiitaja mimi, darasa huiona kama kitu cha kizamani kilichokuwa kikingoja injini ije kukiondoa.

Hapo ndipo nisipokubaliana nao. Mwaka 1917, injini ndogo za reli zikiwa tayari zimejaa nyuma ya uwanja wa vita wa Ufaransa, farasi na nyumbu walikuwa bado wanavuta mabehewa karibu na mahandaki, kwa sababu kuna kipande cha njia ambacho wao walikiweza kuliko mashine. Na kuna mahali ambapo farasi hakufaa kabisa, hata angepewa reli ya dhahabu. Mahali hapo ni huku kwetu.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa mwalimu mwenzangu, kwa mwanafunzi anayejiandaa kwa mdahalo, kwa mwandishi wa hadithi ya kihistoria na kwa anayebuni mchezo wa vita wa mezani. Wote hao hufika mahali wanapolazimika kuamua mzigo unasafiri vipi, na wakikosea hapo, yanayofuata yote hayasimami.

Vigezo vya kupimia

Tuanze na hesabu moja. Katika vita ya 1914–1918 Uingereza ilivusha bahari kwenda Ufaransa takriban tani milioni 5.2 za risasi na makombora. Chakula cha farasi na nyumbu, yaani nafaka na majani makavu, kilikuwa takriban tani milioni 5.4. Chakula cha wanyama kiliuzidi uzito wa silaha walizokuja kuzivuta. Tangu niikute hesabu hiyo, nikisoma habari za jeshi lolote natafuta kwanza kinacholiwa njiani, ndipo niangalie kinachobebwa.

Kwa hiyo maswali yangu kwa kila chaguo ni haya. Mzigo: mvutaji mmoja, awe mtu, mnyama au mashine, anasogeza kiasi gani? Njia: inahitaji kutengenezewa nini, na kwa muda gani? Tumbo: anakula na kunywa nini, na hicho kinatoka wapi? Adui: anaonekana, anasikika, anapigika kirahisi kiasi gani? Mwisho, inamfaa nani. Swali la tumbo ndilo ninalolipa uzito mkubwa, na msomaji ataliona likirudi kila mahali.

Reli nyembamba ya farasi

Chimbuko la reli hii ni shambani. Mwaka 1875 Mfaransa Paul Decauville alikuwa na mavuno ya viazi sukari huko Petit-Bourg, karibu na Paris, na mikokoteni ilikuwa inazama kwenye udongo uliolowa. Akatengeneza reli nyepesi iliyokwishafungwa kwenye mataruma ya chuma kiwandani, vipande vinavyobebeka kama ngazi, ukivilaza chini na kuviunganisha, treni inapita. Wanajeshi hawakukawia kuona faida yake. Wafaransa walipoivamia Tunisia mwaka 1881 walilaza reli ya namna hii kutoka bandari ya Sousse kuingia bara hadi Kairouan, ikivutwa na farasi. Mwaka 1888 jeshi lao likaupokea mfumo wa Kapteni Prosper Péchot, wa upana wa sentimita 60, kwa ajili ya ngome zao za mashariki. Wajerumani nao wakachukua sentimita 60, na baadaye Waingereza. Austria-Hungaria iliingia vitani na reli yake ya sentimita 70, iliyokusudiwa kuvutwa na farasi tangu mwanzo.

*Mzigo.* Farasi wa kilo 500 anaweza kuvuta saa nyingi kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 50. Sasa, tani moja iliyo juu ya magurudumu inadai nguvu ya kilo 100 au zaidi kwenye udongo laini, kilo 20 hadi 25 kwenye barabara ya kokoto iliyoshindiliwa, na kama kilo 10 kwenye reli nyepesi ya vitani ambayo haikunyooshwa vizuri. Gawanya mwenyewe. Farasi yuleyule anavuta nusu tani topeni, tani mbili na kidogo barabarani, tani tano relini, uzito wa gari ukiwa ndani. Ukitoa uzito wa mabehewa tuseme zimebaki tani tatu za mzigo halisi: hiyo ni mizigo 120 ya wapagazi, nyuma ya mnyama mmoja na mwongozaji mmoja.

Lakini kuna mwinuko. Njia ikipanda mita moja kwa kila mita 50, kila tani inadai kilo 20 za ziada, na zile tani tano zinashuka hadi chini ya mbili, hapo hujahesabu kwamba farasi anaupandisha na mwili wake mwenyewe. Mwinuko ambao mtu akitembea hauhisi, unaila zaidi ya nusu ya faida ya reli. Ndiyo maana maofisa waliojua kazi walizungusha reli ifuate ubavu wa kilima, hata ikiongeza kilomita.

Nilikulia jirani na shamba la mkonge, na toroli zilikuwa bado zinatembea kwenye reli za aina hii. Nilichojifunza pale, kabla sijasoma kitabu chochote, ni kwamba kazi yote iko kwenye hatua ya kwanza. Wanaume wawili wanaegemeza mabega kwenye shehena ya majani ya mkonge, miguu inateleza, mishipa ya shingo inasimama, toroli haisogei. Halafu inatoa mlio mmoja wa chuma na kuanza kubingirika, na ghafla mtu mmoja anaitembeza kama anaongozana nayo tu. Kwenye mteremko kinageuka kitu kingine: mmoja anarukia nyuma na kukandamiza gogo kwenye gurudumu, moshi unafuka kwenye mbao. Farasi aliye mbele ya behewa kwenye mteremko yuko hatarini, kwa sababu kilicho nyuma yake ni kizito kuliko yeye na kinakimbia kuliko yeye. Anayeandika kisa cha reli ya farasi amkumbuke mtu wa breki. Ndiye anayelinda maisha ya wote.

*Njia.* Hapa reli ya farasi ina faida isiyosemwa sana. Reli ya Péchot ilikuwa na uzito wa kilo 9.5 kwa mita. Vyuma viwili, kilomita moja, ni tani 19 kabla hujaweka mataruma. Hiyo ilibeba injini. Waingereza, kwenye vireli vya mahandakini vya kusukumwa kwa mkono au kuvutwa na nyumbu, walitumia chuma cha ratili 9 kwa yadi, kama kilo 4.5 kwa mita, nusu ya uzito huo. Nusu ya chuma maana yake ni nusu ya meli, nusu ya mabehewa ya kukileta na nusu ya migongo ya kukibeba usiku chini ya makombora. Kipande kikivunjwa, watu wanne wanaleta kingine, na kabla ya alfajiri njia imefunguka.

Upungufu wake ni kwamba farasi anatembea. Injini haijali kilicho katikati ya reli, kwato zinajali. Mataruma yaliyo wazi yanamkwaza, tope katikati yanamzamisha, kwa hiyo ama ujaze kokoto au mbao katikati, ama umvutishe kutoka pembeni kwa mnyororo mrefu, naye kando ya njia apate pa kukanyaga. Reli ya farasi iliyotengenezwa bila kumfikiria farasi huharibika kwa wiki chache.

*Tumbo.* Farasi wa jeshi la Uingereza alipangiwa takriban kilo tano na nusu za nafaka na kilo nne na nusu za majani makavu kwa siku, jumla kilo 10, na maji lita 30 au 40. Anakula siku ya kazi na siku ya mapumziko. Anakula akiwa mgonjwa. Kwenye reli hesabu hii inavumilika: safari ya siku moja kwenda na moja kurudi inamgharimu kilo 20 katika tani tatu alizopeleka. Kwenye tope, akivuta nusu tani, kilo hizohizo zinauma.

*Adui.* Hatoi moshi, hana taa, hana mlio wa injini. Usiku, kwa upepo mzuri, adui aliye umbali wa kilomita moja hasikii kitu. Lakini ni nyama na damu. Kombora likianguka karibu na injini, huenda likaitoboa. Likianguka karibu na farasi wanne waliofungwa pamoja, njia inaziba na watu wanashinda usiku wakikata ngozi na minyororo. Sioni sababu ya kulipita hilo haraka. Wanyama wale hawakuchagua vita, na nyumbu waliokufa kati ya reli mbili ni sehemu ya gharama, si pambo la simulizi.

*Inamfaa nani.* Jeshi lililokaa mahali pamoja kwa miezi, lenye kilomita chache za mwisho zisizopitika kwa lori wala hazifai kwa injini, na nchi ambayo mnyama anaishi. Inafaa pia kama daraja la haraka. Katika Vita ya Krimea, kando ya Bahari Nyeusi, majira ya baridi ya 1854–1855, askari wa Uingereza walikuwa wanakufa kwa baridi na njaa kilomita chache tu kutoka bandari ya Balaklava iliyojaa shehena, kwa sababu ya barabara. Wakandarasi Peto, Brassey na Betts wakaleta mafundi wa reli kutoka nyumbani, kazi ikaanza Februari 1855, na katika wiki saba hivi njia ikawa inafikisha mizigo juu kambini. Reli yao ilikuwa ya upana wa kawaida, si nyembamba, lakini mwanzoni iliendeshwa kwa farasi, pamoja na mtambo wa mvuke uliokaa mahali pamoja ukivuta mabehewa kwa kamba kwenye mpando mkali. Kurudi bandarini mabehewa yalijishukia yenyewe. Injini za kutembea zilikuja baadaye mwaka huo. Kama wangezingoja, wangezikuta kambi zimejaa makaburi zaidi.

Reli nyembamba ya injini

*Mzigo.* Hapa hakuna mjadala. Injini moja ndogo ya mvuke inavuta mabehewa ambayo yangehitaji kundi zima la farasi, na inarudi kuchukua mengine siku hiyohiyo. Wajerumani waliunda zaidi ya injini 2,500 za aina moja, zenye ekseli nne, zinazojulikana kama Brigadelok. Wafaransa walikuwa na Péchot-Bourdon, mashine yenye sura ya injini mbili zilizopeana migongo. Waingereza waliagiza nyingi kutoka Marekani, zikiwemo 495 za kampuni ya Baldwin. Hebu fikiria reli ya upana wa sentimita 60, hatua moja ya mtu, ikipitisha mizigo ya jeshi la mamilioni.

*Njia.* Chuma kizito, kona pana, kokoto za kutosha, madaraja yanayobeba. Waingereza walisita kwa muda mrefu; waliamini vita ingerudi kuwa ya mwendo na reli ingeachwa nyuma. Tope la vita ya Somme, Ufaransa, mwaka 1916 lilizivunja barabara zao na imani yao pamoja. Eric Geddes, mtu wa reli za kiraia, akakabidhiwa usafirishaji, na kufikia 1917 reli ndogo zilikuwa zinaenea nyuma ya mstari mzima wa Waingereza.

*Tumbo.* Makaa na maji. Maji hasa. Injini ya mvuke ikipewa maji machafu ya mashimo ya makombora, bomba zake zinaziba. Faida yake kubwa ni kwamba isipofanya kazi haili. Wiki ya utulivu, injini iliyozimwa haikugharimu kitu, na farasi amekula kilo 70.

*Adui.* Mchana moshi wake unaonekana kutoka mbali, usiku mlango wa tanuri ukifunguliwa unamulika. Kwa hiyo ilikuwa na mpaka isiouvuka. Kuanzia hapo Waingereza walitumia vitrekta vya petroli vya Simplex, vya nguvu-farasi 20 na 40, vingine vikiwa vimevikwa mabati ya kuzuia risasi. Hivyo havikutoa nguzo ya moshi, ila mngurumo wake ulisikika. Na mbele ya Simplex, kwenye chuma chembamba, ndipo nyumbu na mikono ya watu ilipopokea.

*Inamfaa nani.* Mwenye viwanda, mafundi na wakati. Kwa mizigo mingi kila siku kutoka kituo cha reli kubwa hadi nyuma ya mizinga, hakuna kinachoikaribia.

Lori

*Mzigo.* Tani mbili au tatu kwa gari, na linaenda popote barabara inakoenda, bila kungoja mtu alaze chuma. Mfano mkubwa ni vita ya Verdun, Ufaransa, 1916. Reli kubwa zilikuwa zimekatwa au ziko chini ya mizinga ya Wajerumani. Ikabaki barabara moja kutoka Bar-le-Duc na reli ndogo ya wilaya, ya upana wa mita moja, iliyopita jirani. Siku za msongamano mkubwa lori lilikuwa linapita kila baada ya sekunde 14, na kwa wiki moja barabara hiyo ilipitisha takriban watu 90,000 na tani 50,000. Lililoharibika lilisukumwa mtaroni ili wenzake wasisimame.

*Njia.* Na hapa ndipo sifa za Verdun zinapohitaji maelezo. Barabara ile haikujibeba yenyewe. Maelfu ya watu walisimama kando yake usiku na mchana wakirusha mawe chini ya magurudumu yanayopita, magurudumu yenyewe yakiwa ndiyo shindilio. Anayechagua lori achague na machimbo ya mawe na watu wa makoleo.

*Tumbo.* Petroli, mipira, vipuri na mafundi. Vyote vinatoka mbali, na kimoja kikikosekana vingine havina kazi. Ila kama injini, lori lililoegeshwa halili.

*Adui.* Barabara iko kwenye kila ramani na msafara unatimua vumbi. Lakini kombora likitoboa barabara, shimo linafukiwa, na dereva anaweza kukwepa. Reli haikwepi.

*Inamfaa nani.* Jeshi linalosogea, kwenye nchi kavu au yenye barabara za mawe. Afrika Mashariki lori lilisaidia wakati wa kiangazi. Mwanzoni mwa 1917, mvua zilipofurisha mto Rufiji, bonde likawa ziwa, magari yakakaa, na askari waliokuwa ng'ambo wakashinda njaa wakingoja vilivyoweza kuletwa kwa mitumbwi na vichwani.

Wapagazi

Nimewaweka mwisho, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu katika vita yetu hawa ndio walioubeba ugavi, na katika midahalo ndio wanaotajwa kwa sentensi moja.

*Mzigo.* Kilo 25 hivi kichwani, pamoja na chungu chake na blanketi kama amepewa. Hakuna njia asiyopita: mto, mlima, kichaka, kijia cha mbuzi.

*Njia.* Hakuna cha kujenga. Hii ndiyo sababu makamanda walimkimbilia. Alionekana hana gharama.

*Tumbo.* Gharama yake iko hapa. Mpe kilo moja ya posho kwa siku. Apeleke mzigo mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi. Amekula kilo 20, na kama posho hiyo inatoka kwenye mzigo wake, askari amepokea kilo tano. Ongeza siku mbili na nusu kila upande na hakuna kilichofika. Mtu amebeba chakula chake mwenyewe hadi porini na kurudi. Ili hesabu ikubali, wanawekwa wapagazi wengine wa kuwalisha wapagazi, na wengine wa kuwalisha hao. Ndivyo upande wa Uingereza pekee ulivyofikia kuandikisha watu wanaokadiriwa kukaribia milioni moja kwa ajili ya jeshi dogo tu la mstari wa mbele. Wabelgiji walioshuka kutoka Kongo hadi kuitwaa Tabora mwezi Septemba 1916 nao walitembea juu ya vichwa vya watu. Wajerumani vilevile.

Kwa nini hawakutumia wanyama? Walijaribu. Mbung'o, ndorobo kwa jina lingine, aliwamaliza. Farasi, nyumbu, punda na ng'ombe walikufa kwa maelfu kwa maelfu wakati jeshi la Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Uingereza, linateremka kutoka kaskazini mwaka 1916, wengine wakidumu wiki chache tu tangu kushushwa. Hapo ndipo reli ya farasi inapotoka kwenye orodha ya vita yetu ya nyanda za chini: chuma kingeweza kulazwa, lakini wa kuvuta hayupo. Wajerumani walilaza kweli reli ya sentimita 60 kutoka Mombo kwenye reli ya Usambara hadi Handeni, vyuma vikikusanywa mashambani. Toroli zake zilisukumwa na watu. Waingereza waliifuata njia hiyohiyo kusini mwezi Juni 1916.

Ukiitazama vizuri, njia ya Handeni ni chaguo la tano ambalo vitabu huwa haviligusi. Mtu mmoja anayesukuma toroli anasogeza mara nyingi ya anachobeba kichwani, na anarudi nyumbani jioni. Kila kilomita ya reli ya mkono iliokoa shingo za watu. Nasikitika zilikuwa chache.

*Adui.* Mpagazi hana moshi wala mlio, na msafara wake unajificha msituni kwa dakika moja. Adui wake alikuwa mwingine: kuhara damu, malaria, homa ya mapafu kwa waliotolewa kwenye joto kupelekwa kwenye baridi, na unga wa mahindi ulioiva nusu kwa watu waliozoea ndizi. Kumbukumbu za Waingereza zinataja vifo takriban 95,000 vya wapagazi wao, na wengi waliotoweka njiani hawakuandikwa popote. Upande wa Wajerumani hakuna aliyewahesabu sawasawa. Mnara wa Nairobi unawaita miguu na mikono ya jeshi. Majina yao hayapo. Lililobaki ni jina la kikosi, Carrier Corps, ulimini mwetu: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi.

*Inamfaa nani.* Mwendo mfupi, siku moja au mbili kutoka ghala, mahali ambapo hakuna kingine kinachopita. Kwa mwendo mrefu hamfai yeyote, na aliyemchagua kwa mwendo mrefu alikuwa anamlipisha mwingine.

Uchague kwa hali iliyo mbele yako

Kama uwanja wako ni Ufaransa au Ubelgiji na mahandaki hayajasogea tangu mwaka jana, usichague kimoja. Panga kama walivyopanga wenyewe: reli kubwa hadi kituo, injini ndogo ya mvuke hadi nyuma ya mizinga, Simplex usiku, kisha nyumbu au mikono kwenye chuma chembamba, na mabega ya askari kwa mita mia za mwisho. Swali la kweli la mdahalo ni wapi kila kimoja kinampokeza mwenzake.

Kama jeshi lako linasonga kilomita kumi kwa siku, reli ya aina yoyote itabaki nyuma. Tazama barabara na majira. Kiangazi, lori. Masika, rudi nyuma hadi reli ikufikie, au ukubali njaa. Wengi waliokataa kuchagua kati ya hayo mawili walichaguliwa na mvua.

Kama nchi ni ya baridi au kavu, majani yapo, chuma ni kichache na viwanda viko mbali, reli ya farasi inakufaa hata kwa mwendo mrefu. Warusi waliitumia sana kwenye uwanja wao mpana wa mashariki, na hawakuwa wajinga. Pima tu mwinuko kabla hujahesabu farasi.

Kama njia yako ni mteremko mrefu kutoka machimboni au kutoka ghala la mlimani, acha mzigo ushuke kwa uzito wake, breki mkononi, na mnyama atumike kurudisha mabehewa matupu tu.

Anayebuni mchezo wa mezani: usiwape farasi mafuta ya bure. Kila kigae cha farasi kile sehemu ya mzigo kila zamu, kisogee kisisogee, na kigae cha injini kile kinapotembea tu. Badiliko hilo moja litawafanya wachezaji wako wafikiri kama maofisa ugavi. Mpagazi mpe kanuni ya zamu kumi, halafu waache wachezaji wagundue wenyewe kilichofika.

Na kama hadithi yako iko Handeni, mwaka 1916, usimweke farasi kati ya zile reli. Weka wanaume wawili, mabega kwenye magunia, nyayo zikitafuta taruma la kukanyagia. Mpe mmoja wao gogo la mti mkononi, kwa ajili ya mteremko unaokuja.